Mchangiaji Namba 212

4 Februari

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Huku sote tuko salama, isipokuwa Mama, ambaye amepewa miwani mipya na anaigomea kwa sababu, anasema, tangu aivae nyumba imejaa vumbi. Dada amejifungua mtoto wa pili, wa kike. Yule mkubwa amemtazama siku mbili, kisha akauliza watamrudisha lini. Baba anakusalimu sana.

Nimeona bora nikuandikie. Nikikupigia simu unapokea, unasema, "Haya, niambie haraka," na unakata kabla shikamoo haijafika. Sikulaumu. Mama aliniambia sababu.

Nina ombi. Unajua nasoma shahada ya pili. Utafiti wangu unahusu vijana waliohitimu na hawana kazi, na yale wanayoyaandika mitandaoni. Nimepakua jumbe 3,140 kutoka ukurasa mmoja wa wazi unaotangaza nafasi za kazi. Wengi hawaombi kazi pale. Wanalalamika, wanatukana, wanachekeshana. Nimeziingiza zote kwenye programu ya kuchambua maandishi, ambayo najifunza mwenyewe kwa kutazama video na kwa kukosea. Nilidhani programu inasoma. Haisomi. Inakungoja wewe usome ujumbe mmoja mmoja na kuupa lebo, kisha yenyewe inatunza na kuhesabu. Ni karani, Mama Mdogo, karani asiyechoka na asiyeelewa chochote.

Shida ni kwamba lebo za mtu mmoja haziaminiki. Msimamizi wangu anataka mtu wa pili asome sehemu ya jumbe hizohizo bila kuona nilivyoamua mimi, aweke lebo zake, halafu tulinganishe. Wenzangu kila mmoja ana mzigo wake. Nikakufikiria wewe. Miaka ishirini na sita masijala, ni barua ngapi umezisoma na kuamua ziende faili gani?

Nimekuchapishia mia mbili. Ukurasa unaweka jumbe mpya juu na za zamani chini, nami nimeziacha hivyohivyo, kwa hiyo utaanza na za mwisho wa Septemba iliyopita na kurudi nyuma. Majina hayamo. Programu iliyaondoa yenyewe wakati wa kupakua na kumpa kila mchangiaji namba, hata mimi sikuyaona. Tumia kalamu za rangi nilizofunga humu: nyekundu ni hasira, buluu ni kukata tamaa, kijani ni matumaini, njano ni kejeli na utani, penseli ni yale yaliyo nje ya mada. Kila ujumbe rangi moja tu. Usifikirie sana.

Mwanao,
Profesa (jina ulilonipa wewe, sikujipa)


19 Februari

Profesa,

Marahaba. Mwambie dada yangu avae miwani. Hilo vumbi lilikuwepo tangu tukiwa wasichana, na mimi ndiye niliyekuwa nikilifagia. Mpe hongera aliyejifungua. Huku mzima, mgongo unanikumbusha umri kila ninapoinama kwenye kabati la chini. Ofisini wametuletea kompyuta ya pili. Ya kwanza bado imefunikwa kitambaa.

Kazi yako nimeimaliza kwa Jumamosi mbili, mezani pa chakula. Sasa nikuulize, hii sheria ya rangi moja kaitunga nani? Hajawahi kupokea barua, huyo. Kuna kijana mstari wa kwanza anawatukana wakubwa wote wa nchi, mstari wa pili anamwomba mama yake radhi. Nimempa nyekundu kwa kuwa ndiyo iliyotangulia, lakini moyo haukutulia.

Na hiyo penseli yako. Nilipoanza kazi, mkuu wa masijala alikuwa anapita kila Ijumaa, anashika faili la Mengineyo kwa vidole viwili, anapima unene. Likizidi kidole gumba unabaki kulipanga upya wenzako wakienda nyumbani. Mimi penseli nimeitumia mara nne. Wewe je? Usinijibu kwa maelezo, nijibu kwa tarakimu.

Nakala imebaki kwangu. Karatasi haitoki mezani pangu bila nakala, utazoea.

Habari ya simu, usinune. Simu yangu ina kazi moja. Mtu akipiga akakuta naongea na mwingine, anaweza asipige tena. Namjua alivyo.

Lete nyingine. Zinanishughulisha.

Mama yako mdogo


12 Machi

Mama Mdogo,

Shikamoo. Mama anaivaa miwani akiwa peke yake. Nilimfumania. Mtoto wa Dada ana sauti kubwa kuliko mwili wake, na Baba amehamishia redio yake uani.

Tumekubaliana kwenye jumbe mia moja sabini na nne kati ya mia mbili. Msimamizi alisoma hiyo hesabu, akavua miwani, akauliza, "Huyu mama yako mdogo ana shahada gani?" Nikamwambia hana shahada, ana mihuri. Alicheka, lakini aliandika kiwango hicho kwenye daftari lake. Penseli mimi niliitumia mara ishirini na moja. Nimeona aibu na nimezipanga upya.

Programu nimeizoea sasa. Ukibonyeza rangi moja inakukusanyia jumbe zake zote, moja chini ya nyingine, kama watu waliopangwa foleni. Mwanzoni nilifurahi. Sasa naogopa kubonyeza buluu, kwa sababu haina mwisho. Chumba chetu cha kazi kina meza tatu na dirisha moja lisilofunguka, na mimi nimekaa karibu na hilo dirisha nikisoma mtu baada ya mtu akieleza siku ile alipoacha kutuma maombi. Nimeanza kufikiri kwa rangi. Jana mwenzangu alisema amechoka na maisha haya, nikajikuta namtafutia lebo kabla ya kumpa pole. Mwaka ujao nami nitamaliza. Nitakwenda kuandika pale pale wanapoandika wao, na msichana mwingine atanipigia mstari.

Mama anasema imetimia miaka miwili na nusu tangu kaka yangu Kinanda aondoke hapo kwako, bila barua wala simu. Nilikuwa nimejiapiza kutoligusa hilo. Nimeliandika, basi libaki. Nikipita penye watu wengi huwa natazama nyuso.

Kundi la pili hili hapa. Ni za zamani zaidi.

Profesa


2 Aprili

Profesa,

Salamu baadaye.

Ukurasa wa sita, ujumbe wa nne kutoka chini, mchangiaji 212. Naunakili kwa mkono wangu ili usiniambie nimesoma vibaya:

"Usaili wangu wa kwanza nilivaa viatu vya mjomba, namba mbili zaidi ya mguu wangu. Mama akavijaza magazeti. Nikiingia ofisini nasikika kama mtu anayefungua habari za leo. Wakaniambia watanipigia. Nadhani walimpigia mjomba."

Magazeti hayo niliyajaza mimi. Nilikaa kizingitini, nikakunja kurasa za michezo nikazishindilia kwa kijiti, na yeye kasimama juu yangu na soksi zake, ananiambia, "Mama, nikikosa kazi angalau nitajua matokeo ya mechi." Hilo hakuliandika. Hilo ninalo mimi.

Ni Kinanda. Mwanangu anaandika, anawachekesha watu huko aliko. Programu yako ilimpa namba, basi mahali fulani imeandikwa namba hiyo ni ya nani. Mimi siwezi kuendesha faharasa ya barua bila daftari la majina, na wewe huwezi. Nitumie jina analotumia.

Jumbe nyingine sijazigusa. Kalamu nimezifungia.

Mama yako mdogo


30 Aprili

Mama Mdogo,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri. Mtoto ameanza kucheka. Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na mawasilisho ya darasa.

Kuhusu uliyoniomba. Kabla ya kupakua hata ujumbe mmoja nilisimama mbele ya kamati ya maadili ya utafiti, watu watano na jagi la maji, nikatia saini kwamba sitamtafuta mchangiaji yeyote wala kumfichua kwa mtu yeyote. Orodha ya namba na majina ipo kwenye faili lenye nywila na haifunguliwi ila kwa idhini ya kamati. Wachangiaji hawakuandika ili watafutwe. Wengine wanakimbia mambo tusiyoyajua. Nikivunja ahadi hiyo naweza kuondolewa chuoni, na halitakuwa kosa la chuo.

Pia, Mama Mdogo, fikiria. Viatu vya kuazima na magazeti ndani yake ni habari ya vijana wengi. Huenda si yeye.

Naomba unielewe. Tafadhali pumzika na usijichoshe na kundi la pili.

Wako,
Profesa


11 Mei

Binti wa dada yangu,

Umeniandikia barua ya ofisi. Mimi za namna hiyo nimezipiga chapa kabla hujazaliwa. "Kuhusu uliyoniomba." "Naomba unielewe." Mtu anayeandika hivyo huwa ameshasimama, anangoja tu mgeni atoke.

Nikueleze kitu ambacho mama yako hakijui. Yeye anadhani Kinanda aliondoka kutafuta kazi, nami nimemwacha adhani hivyo. Jumapili ile nilikuwa napiga pasi. Nilikuwa nimemwombea nafasi ya kusambaza barua pale ofisini kwetu, wamekubali, aanze kesho yake. Akakataa. Akasema hakusoma miaka minne ili abebe bahasha za watu. Nikamwambia, "Hata barua iliyokosewa anwani ina mahali pa kurudi. Wewe huna." Sikuinua macho. Nilikuwa kwenye kola ya shati lake.

Akasema, "Sawa, Mama." Akaenda kuoga. Akavaa lile shati likiwa bado na joto. Akaniaga mlangoni kama mtu anayefuata sabuni dukani.

Simtaki arudi kwa nguvu. Ana miaka ishirini na tisa, akae anakotaka, na anayemtaka. Nataka ajue kwamba anapo mahali. Ni sentensi moja. Kama huwezi kunipa jina, basi mpelekee wewe, iandike kwa maneno yako, usiweke hata kwamba imetoka kwangu. Kamati yako inaweza kukataza hilo? Waulize. Waambie mimi si mtafiti wala si mchangiaji, nimemzaa.

Nangoja.

Mama yako mdogo


28 Juni

Mama Mdogo wangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Usinifikirie vibaya kwa ukimya. Kwanza mitihani, halafu mafua yaliyozunguka nyumba nzima, halafu printa ya idara ikafa. Mtoto anakaa mwenyewe sasa na ana meno mawili ya chini, kaka yake anayaita meno ya sungura. Mama amezoea miwani, anaivaa hadi kuoga. Baba amejinunulia baiskeli na anaisukuma tu kwa sababu, anasema, anaijua kwanza tabia. Ungemwona ungecheka. Mvua zimekatika, uani pamekauka. Rafiki yangu mmoja amepata kazi ya muda ya kuhesabu magari barabarani, tulimpongeza sana.

Kuhusu lile jambo, orodha ya majina haipo tena. Kanuni zinataka iharibiwe, nami niliiharibu mapema ili nisishawishike. Hakuna njia tena ya kujua 212 ni nani. Nisamehe. Naomba tuliache hapo.

Uwe mzima. Kula vizuri.

Profesa


9 Julai

Faili haliharibiwi kwa mdomo. Kuna hati ya kuteketeza. Inataja faili, tarehe, sababu na aliyeamuru, na mashahidi wawili wanatia saini kwamba waliona kwa macho likiungua. Nimekuwa shahidi mara kumi na nne, nikisimama kwenye moshi nyuma ya jengo. Chuo chenye kamati ya watu watano na jagi la maji hakikosi karatasi hiyo. Nitumie nakala.

Kama huna, orodha ipo, na umeshaifungua. Asiyeifungua angeendelea kunikatalia kwa kanuni. Mwezi wa nne ulizipenda kanuni hizo hata ukanisomea. Mwezi wa sita umezikimbia, ukaniletea baiskeli ya baba yako.

Umeona nini?


17 Julai

Mama Mdogo,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Mama kwa mkono wake. Nimemwambia yote jana. Alitaka akuambie yeye, nikamwomba akupe usome kwanza, kwa sababu mimi ndiye niliyekudanganya. Amekaa hapo mbele yako sasa. Mshike mkono.

Kinanda amefariki. Alifariki tarehe 21 Septemba mwaka jana, kabla hata sijakuandikia barua ya kwanza.

Orodha niliifungua tarehe 9 Aprili, siku niliyoipata barua yako ya viatu. Sikuomba idhini ya mtu. Niliandika 212 kwenye kisanduku cha kutafutia na jina likatokea mara moja, jina la mtaani alilojipa huko, na picha ya redio iliyofunguliwa mgongo. Nikaenda kwenye ukurasa wake. Juu kabisa palikuwa na maneno ya mtu mwingine, kinyozi aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja: "Ndugu wa huyu kijana, kama mpo, tumemzika jana. Vitu vyake ninavyo." Watu sitini na tatu wameweka alama ya machozi. Hakuna ndugu aliyejibu, kwa kuwa hakuna ndugu aliyelijua jina hilo.

Nilimpigia kinyozi. Anaongea taratibu. Alinisomea jina lililo kwenye vyeti vya marehemu, ni yeye. Aliniambia ni mapafu, kwamba Kinanda alikohoa miezi miwili na akakataa kwenda hospitali mpaka siku tatu za mwisho, walipombeba. Walimuuliza kuhusu nyumbani, akasema nyumbani kwake wanahama, akishajua walipohamia atawaambia. Majirani ndio waliomsitiri. Kinyozi alifunga banda lake siku nzima. Anwani na namba yake ziko kwenye karatasi ya pili.

Kwa hiyo barua yangu ya Aprili niliiandika nikijua. Ile ya Juni pia. Sentensi yako ilinifikia, Mama Mdogo, niliisoma mara nyingi, na hapakuwa na mtu wa kumpelekea.

Nilijiambia nakulinda. Si kweli. Mchana kutwa nilikuwa naweka lebo kwenye vilio vya watu nisiowajua na nilifanya hivyo vizuri, mpaka msimamizi ananisifu. Kilipokuja kilio chenye mtu nyuma yake nikashindwa hata kuwa mpeleka habari. Nilikuwa na saini ya kujificha nyuma yake. Nikajificha.

Sikuombi unisamehe. Naomba tu, ukiweza, uniandikie hata mstari.

Mwanao


20 Agosti

Mama Mdogo,

Shikamoo. Sijapata neno kutoka kwako. Mama akipiga simu kutoka kwako ananiambia umekula, au hujala, na hakuna zaidi. Namshukuru kwa hilo. Mtoto anatambaa. Baba anauliza aje huko lini, na Mama anamjibu bado.

Nimemweleza msimamizi kila kitu. Alinipa pole ya kweli, kisha akafungua kanuni, kwa sababu ilibidi. Nimefungua orodha bila idhini. Nimesimamishwa muhula mmoja. Na kwa kuwa mchangiaji 212 ni ndugu wa mtafiti, jumbe zake haziruhusiwi kubaki kwenye utafiti. Zilikuwa thelathini na saba. Alitaka nizitoe mwenyewe, mbele yake, kabla sijakabidhi ufunguo wa chumba.

Nilizikusanya kwa namba yake, zikajipanga. Programu iliuliza kama nina uhakika. Nilibonyeza. Haikuchukua hata sekunde. Zimebaki 3,103. Kisha ikapiga hesabu upya bila kuambiwa, kama kawaida yake. Kejeli na utani zilikuwa asilimia kumi na tisa. Sasa ni kumi na nane. Rangi nyingine hazikusogea.

Msimamizi alitazama, akasema kwa upole kabisa kwamba haliathiri hitimisho.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Huwa nafikiri sana, unajua, tangu utotoni ulikuwa unanikanya. Siku hiyo sikufikiri kitu. Nilikuwa nasoma mabango ya maduka.

Sijui nifanye nini na mikono yangu siku nzima. Niandikie. Hata ukinitukana, niandikie.

Mwanao


14 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako anarudi kesho, mpokeeni kituoni, miguu imemvimba kwa safari. Amenilisha kama mtoto na nimemsumbua kama mtoto.

Tulikwenda. Kinyozi tulimkuta kazini. Alituona kwenye kioo, akanitazama usoni, akaacha mashine inanguruma hewani na kichwa cha mteja nusu. Hakuniuliza mimi ni nani. Chumba ni kidogo, safi, vitanda viwili na msumari wa kutundikia nguo. Vitu vyake vimejaa mfuko mmoja. Ana vyeti vyake vyote, kila kimoja ndani ya plastiki. Kaburi liko mstari wa nyuma, udongo umeshuka kidogo upande wa miguu. Mama yako alilia kwa sauti. Mimi nilipalilia.

Kukusamehe sijafika. Nikifika utajua. Usinisukume.

Nakuandikia habari ya kazi. Ulisema umefuta thelathini na saba. Niliporudi nikatoa nakala yangu ya kundi la kwanza, zile mia mbili za Februari. Unakumbuka ulinipa jumbe mpya kwanza. Safu ya namba sikuwa nimeitazama kabisa, nilikuwa natazama maneno, kama ulivyonielekeza, na tangu Aprili nilikuwa natafuta jina tu. Sasa nimeitazama, na kidole, mstari kwa mstari. 212 yumo mara tisa, zote za Agosti na Septemba.

"Kikohozi changu kimepata kazi kabla yangu. Zamu ya mchana, zamu ya usiku, hakuna likizo." Njano.

"Leo nimepanda ngazi tatu nikapumzika kama mkurugenzi." Njano.

"Nesi kaniuliza ndugu wa karibu ni nani. Nimemtaja kinyozi, ndiye pekee anayenigusa kichwa." Njano. Hiyo ni ya tarehe 19.

Sita nyingine sina nguvu ya kuzinakili. Zote ni njano, kwa mkono wangu, na mistari imenyooka kwa sababu nilitumia rula. Nawe ulizipa njano, nimelinganisha na karatasi ya lebo zako uliyonitumia Machi. Zimo katika zile mia moja sabini na nne zilizomfurahisha msimamizi wako. Nakumbuka hata nilipokuwa naifanya ile ya ngazi. Nilicheka, nikanyanyuka kuongeza chai.

Nimejiuliza wiki nzima kwa nini viatu nilivijua papo hapo na hizi tisa zikanipita. Nimepata jibu, na nakuandikia wewe kwa kuwa hakuna mwingine atakayelielewa. Habari ya viatu niliijua kwa sababu mimi nilikuwemo.

Katika hizi tisa simo.

Mama yako mdogo